Steringi Aliyeitwa Obura

Wenzangu wa rika langu, nyinyi mnaolipia hizi programu za filamu kila mwezi kisha mnakaa kwenye kochi mkibofya rimoti mpaka chai inapoa, hebu nisikilizeni. Msiishie pale juu. Pale juu wanaweka zile zile ambazo kila mtu kazini ameshaziona na ameshakuchosha nazo. Shuka. Shuka mpaka chini kabisa, kwenye zile zenye jalada baya, mtu ameshika panga na nyuma yake kuna moto, na waigizaji wote huwajui. Huko ndiko utamu uliko. Kuna moja ya bibi kipofu anayeuza supu sokoni, kumbe ndiye aliyewafundisha wauaji wote wa mji ule kushika upanga. Kuna nyingine ya dereva wa lori anayebeba maji jangwani. Filamu nzima karibu hasemi neno, na ukimaliza kuitazama utataka kunywa mtungi mzima. Hizo zote nilizitazama nikiwa mtoto, Muhuru Bay, kando ya Ziwa Victoria, na zote nilizielewa ndivyo sivyo.

Nimekuwa nikizitafuta tangu tulipomzika Baba Mdogo Omolo, mdogo wake baba yangu. Baada ya matanga nilipewa koti lake jeusi, lile alilovaa hata jua likiwa kali. Nilipolitundika nyuma ya mlango wa nyumba yangu hapa Homa Bay, sebule yote ikanuka omena, wale dagaa wa ziwani, na petroli. Baba anaishi nami tangu alipofanyiwa upasuaji wa macho. Aliinua kichwa pale kwenye kiti chake, akavuta pumzi, akasema, "Omolo ameingia." Nikacheka sana. Halafu nikaenda jikoni nikalia, nikajipangusa na kitambaa cha vyombo, nikamwambia kijana wangu anitengenezee hiyo waifai yake vizuri kwa sababu kuna filamu moja namtafutia babu yake.

Omolo alikuwa na video. Ndivyo tulivyoiita ile nyumba, video tu, nyumba ya mabati iliyokuwa juu kidogo ya mahali boti zinapoegeshwa. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili alasiri iwe giza. Benchi zilikuwa mbao za boti zilizozeeka, na ukikaa bila kuangalia msumari unakusalimia. Mbele kulikuwa na televisheni ndani ya kizimba cha waya, chini yake deki, na nje jenereta ikikohoa. Kando ya televisheni, juu ya kreti ya soda, alikaa Baba Mdogo na maikrofoni yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Filamu zilikuja na lugha za watu, Kichina, Kihindi, Kiingereza cha mbio mbio, na kazi yake ilikuwa kutueleza kinachoendelea, kwa Kiswahili kilichochanganywa na Dholuo. Asubuhi aliitazama filamu peke yake, bila sauti kama petroli ni kidogo, akajitungia. Jumapili alasiri akatuhubiria. Jumamosi hakukuwa na kitu, kwa sababu nusu ya watu wa pale walikuwa Wasabato, mama yangu akiwa wa mstari wa mbele, na hakuna aliyetaka kugombana nao.

Kama hukukulia kwenye video, huenda hujui steringi ni nani. Steringi ni yule mtu mkuu wa filamu, yule anayepigwa mwanzo na kupiga mwisho. Na sheria ya kwanza tuliyoijua watoto wote, kabla hata ya kujua kuandika, ni kwamba steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, kutupwa kwenye maporomoko, kuchomwa na nyumba yake. Hafi. Basi kwa Baba Mdogo hakuna steringi aliyewahi kuitwa kwa jina lake la huko alikotoka. Aliwapa majina ya watu wa kwetu. Ukileta petroli ya jenereta, Jumapili hiyo steringi ni wewe, na ukumbi mzima unaliimba jina lako. Ukimuudhi, basi wewe ndiwe yule mnono anayeliwa na mamba. Wanaume wazima walimbembeleza. Mwenye hoteli mmoja alimnunia kwa muda mrefu kwa sababu alifanywa jambazi mwenye jicho moja, na mbaya zaidi, wateja wakaanza kumwita hivyo.

Mahali pia alipabadilisha. Mji wenye majumba marefu ulikuwa Nairobi, sawa. Lakini milima yenye theluji ilikuwa Kegonga, na hapo ndipo rafiki yangu Robi alipochukia. Robi alikuwa Mkuria, kwao ni Kegonga, akikaa kwa shangazi yake aliyenunua omena pale Muhuru.

"Kwetu hakuna barafu," aliniambia.

"Labda hujafika upande huo."

"Nimefika pande zote! Kuna mahindi na ndizi!"

Nilimhurumia kwa kutokuijua kwao. Mimi Baba Mdogo akisema kitu kwenye maikrofoni, kilikuwa kimetokea.

Petroli nyingi ilitoka kwa baba yangu, Obura. Alikuwa na boti ya injini, na kila Jumapili alikuwa akimletea mdogo wake kidebe kidogo. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakupenda kufanywa steringi, aliona haya. Basi siku moja alifuata samaki akavuka mpaka wa nchi ulio ndani ya ziwa. Huo mpaka hauna ukuta wala kamba, ni maji na maji mengine, na ukizama kwenye kazi unaweza kuupita bila kujua. Watu wa doria wa upande wa Tanzania wakamkuta huko, wakamchukua yeye na boti yake. Mvuvi mwenzake aliyekuwa nyuma alirudi na habari.

Mimi niliambiwa baba amesafiri. Lakini mtoto ana masikio. Wanawake walikuja kukaa na mama pale kwenye nyavu za kuanikia omena, wakaongea chini chini, na nikikaribia wanaanza kusifu nywele zangu. Nilisikia "amefungwa." Nilisikia "wiki nzima na hakuna neno." Sikumuuliza mtu kwa sababu niliona nikiuliza itakuwa kweli. Kisha mchana mmoja mvua ikaja kutoka ziwani, kila mtu akakimbia kukusanya omena yake, na mama akabaki amekaa akiangalia yake ikilowa. Hapo nikaogopa vibaya sana.

Jumapili hiyo nilikwenda video kama kawaida, kwa kuwa nyumbani kulikuwa hakukaliki. Filamu ilikuwa mpya. Mwanaume mrefu mwenye ndevu anakamatwa na askari ufukweni, anafungwa minyororo, anapelekwa kwenye kisiwa cha mawe matupu kuponda kokoto. Baba Mdogo akaishika maikrofoni kwa mikono yote miwili.

"Na huyu mnayemwona," akasema, "ndiye Obura. Obura wa Muhuru! Wamemshika, sawa, wamemshika. Lakini ngojeni!"

Ukumbi ukalipuka. "Obura! Obura!" Watu walipiga mabati kwa ngumi. Leo najua walikuwa wakimpa heshima mwenzao aliyekuwa matatani, ndiyo njia waliyokuwa nayo. Mimi nilisimama juu ya benchi. Kumbe huko ndiko aliko. Wote walijua, na mimi ndiye niliyefichwa.

Robi alinivuta gauni. "Wewe, kaa chini. Huyo si babako. Huyo ni mzungu."

"Jela inambadilisha mtu," nikamjibu. Nilikuwa nimemsikia mtu mzima akisema hivyo.

Nikamtazama baba yangu akiponda mawe. Nikamtazama akipigwa. Alikuwa akikonda mbele ya macho yangu. Halafu katikati ya jua kali akayumba, akaanguka kifudifudi kwenye kokoto, na pale pale jenereta ikakohoa mara ya mwisho ikanyamaza. Petroli imeisha. Ile picha ikajikunja ikawa nukta nyeupe, ikapotea. Aliyekuwa akileta petroli hakuwepo. Watu wakaguna, wakatoka nje wakifikicha macho kwa mwanga. Nilibaki nikiangalia kioo cheusi. Baba alikuwa humo ndani, amelala juu ya mawe, na hakuna mtu wa kumwinua.

Nilikimbia mpaka nyumbani. "Mama! Baba ameanguka kwenye mawe na wamezima!"

Mama alishika kifua. "Nani amekwambia?"

"Nimemwona! Kwa video!"

Mama hakuwa amewahi kukanyaga pale. Kwake video ilikuwa ndugu wa pombe ya chang'aa. Alifunga leso yake upya, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja, na Baba Mdogo tukamkuta akikunja nyaya.

"Omolo, unamwonyesha mtoto wangu nini?"

"Nyar Ndhiwa, pole." Kwao Ndhiwa, na mashemeji wote walimwita hivyo, binti wa Ndhiwa. "Nilitaka tu kumpa kaka heshima. Ni sinema, yawa."

"Kwake si sinema. Tazama anavyotetemeka. Sasa umeianza, imalizie. Mtoto aone babake akirudi."

Baba Mdogo alikaa kwenye kreti. Alinitazama mimi, kisha akamtazama mama, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya maikrofoni, "Shemeji, hiyo haimaliziki vizuri."

Nilidhani anasema habari ya petroli. Hilo basi niliona naweza kulitengeneza.

Wiki ile nilimchukua Robi na chupa ya plastiki tukazunguka kwenye boti. Nilikwenda kwa kila mvuvi aliyekuwa akifunga injini. "Shikamoo. Naomba petroli ya kumtoa baba." Wa kwanza alicheka, akadhani ni utani wa watoto. Robi ndiye aliyemweleza, mikono kiunoni, kwamba huyu anaamini babake amekwama ndani ya televisheni na hali chakula, kwa hiyo afanye haraka. Yule mtu aliacha kucheka. Alifungua tangi lake akatumiminia kidogo. Habari ikatutangulia, maana tulipofika kwa wengine tulikuta mtu ameshashika mfuniko wa tangi mkononi. Hakuna aliyeniambia kwamba nimekosea. Mwenye hoteli, yule jambazi wa jicho moja, hakuwa na boti wala injini. Alitupa mandazi, akamwambia Robi ahakikishe nimekula.

Jumapili iliyofuata video ilijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mama alikuja. Aliingia na gauni lake la kanisani, leso mabegani, na wanaume wakampisha benchi nzima kana kwamba ni mke wa askofu. Mimi nilikaa magotini pake. Baba Mdogo aliwasha jenereta, akairudisha filamu pale pale ilipokatikia, na baba yangu akawa bado amelala kwenye kokoto. Nilimshukuru Mungu kwamba hawakuwa wamemsogeza.

Ninachokumbuka ni kwamba safari hii ukumbi ulikuwa kimya. Kwa kawaida watu walipiga kelele, walimshauri steringi, walimtukana adui. Siku hiyo walisikiliza. Wafungwa wenzake walimbeba usiku kwa siri, wakamshusha kwenye mtumbwi, wakapiga makasia. Alikuwa amelala chali, macho yamefungwa, mikono kifuani. Mmoja akavua shati lake akamfunika. Muziki ulikuwa wa huzuni, lakini huo hatukuusikia vizuri kwa sababu Baba Mdogo aliinua sauti akaufunika.

"Obura amelala," akasema. "Amechoka, jamani. Mtu ameponda mawe hivyo, asilale? Wamemfunika kwa sababu ya baridi ya ziwa. Mwacheni alale. Wanampeleka nyumbani. Pale mbele mnaona mataa? Hiyo ni Muhuru. Mkewe anachemsha maji ya kuoga."

Kisha kutoka nyuma sauti nene ikasema, "Steringi hafi." Mwingine akarudia. Wakaanza wote, polepole, mabati yakitetemeka, "Steringi hafi! Steringi hafi!" Nilipaza sauti mpaka koo likauma. Mama alikuwa akilia, machozi yakinidondokea kichwani, na mimi nikamwambia asilie tena, si ameshaona? Jioni ile nilikula ugali wangu na wa mama pia, na nikalala kama gunia.

Nawaambia ukweli, baba aliporudi mimi sikushangaa. Haikupita muda mrefu. Alikuja kwa barabara kupitia Isebania na Migori kwa sababu boti ilibaki huko, amevaa shati la mtu mwingine, amekonda, ndevu hana. Mama alimwona kutoka mbali akakaa ghafla juu ya omena yake iliyokauka, akaiponda yote, akicheka na kuita "Uwi! Uwi!" mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Afueni ile sijawahi kuiona tena kwa mtu. Hata kuku walikimbia. Baba Mdogo alitoka video mbio na lile koti lake, akamkumbatia kaka yake, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kusema.

Mimi nilisubiri zamu yangu. Baba aliponiinua nikamuuliza, "Ulilala vizuri?"

"Wapi, nyathina, mwanangu?"

"Kwenye mtumbwi. Walipokufunika."

Baba alimtazama Omolo. Omolo akajikuna shingo, akaangalia ziwa. Mama akamfanyia baba ishara fulani kwa macho, na baba, huyu mtu wa maneno machache aliyekuwa na mambo yake mazito ya kueleza, akanibeba vizuri begani akasema, "Nililala, mama. Nililala vizuri sana."

Hiyo ndiyo filamu niliyoitafuta. Kijana wangu alinicheka, maana nilichojua ni mawe, kisiwa na ndevu. Lakini niliipata, kule chini kabisa, chini ya bibi wa supu, na nawasihi muitazame, kwa sababu ni filamu nzuri kuliko tulivyostahili kuitazama tukiwa kwenye benchi zile. Yule mwigizaji anaongea kwa mgongo tu. Kuna mahali anagawana kiazi na mlinzi wake, na nilisimamisha hapo nikavuta pumzi. Jumapili alasiri nilifunga mapazia, nikamletea baba chai, nikakaa.

Sasa mimi ni mtu mzima. Nimesoma, nimezika wazazi wa watu, nimemzika mama yangu mwenyewe. Na bado, niamini usiniamini, sikuwa nimewahi kuketi nikafikiri yule mtu wa mtumbwini alikuwa na nini. Jambo lile nililiweka lilivyokuwa. Basi mtumbwi ukaja, na shati likaja, na likapanda kutoka kifuani mpaka likamfunika uso, na chini maandishi ya Kiingereza yakasema kwamba wamzike kwenye udongo wa kwao. Amekufa. Steringi amekufa, na alikuwa amekufa siku ile pia, mbele ya kila mtu. Wale wanaume wote walikuwa na macho. Wale wa chupa ya petroli, yule wa sauti nene, mwenye hoteli. Mama alikuwa na macho. Video nzima iliangalia maiti ikaimba kwamba haijafa, kwa ajili ya mtoto mmoja, huku hakuna hata mmoja wao aliyejua kama Obura mwenyewe yu hai. Nilihisi kupendwa kukinifikia kwa kuchelewa, na nikashukuru kwamba kulichelewa, kwa sababu ningejua siku ile nisingeweza kustahimili.

Baba alikohoa. "Wanasema nini hapo chini? Maandishi ni madogo."

"Wanasema amelala," nikajibu. "Amechoka. Wanampeleka nyumbani."

Baba aliweka kikombe chini taratibu. "Awino. Haya macho yametengenezwa. Huyo mtu amefunikwa uso."

"Steringi hafi, Baba."

Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko cha mzee ambaye amepita mahali akatoka. Kisha akageuka kuliangalia lile koti nyuma ya mlango.

"Mama yako alinieleza habari ya siku hiyo," akasema. "Omolo mwenyewe alinieleza, mara nyingi, kila mara anaongeza chumvi. Watu wote wa Muhuru waliisikia. Mimi tu ndiye sikuwepo." Akanisogezea rimoti. "Rudisha nyuma kidogo. Zima hiyo sauti yao. Niambie vile alivyosema."

Nikazima sauti. Nikarudisha nyuma mpaka pale wanapombeba kumshusha mtumbwini, nikasafisha koo.

"Na huyu mnayemwona," nikaanza, "ndiye Obura. Obura wa Muhuru."